Jinsi Nilivyomnyang'anya Mzee Ali Timu Yake

Hongereni, vijana. Nimeambiwa kumi na mmoja kati yenu mmepata vyeti vya ukocha, yaani tuna timu kamili ya makocha na hatuna wa kucheza. Picha zenu nimeziona kwenye kundi la WhatsApp: tableti kwapani, mikono kifuani, nyuso zimekunjwa kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Kununa mmeshajua, na hiyo ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ndiyo aliyoniomba Mireille, kocha wenu wa sasa, niwaandikie, kwa kuwa nimestaafu, sina shughuli, na goti langu linatabiri mvua ya Brussels vizuri kuliko televisheni.

Nilidhani nitawaandikia juu ya ushindi wetu. Nikahesabu, nikaona karatasi moja ingetosha na nafasi ingebaki. Basi nitawaandikia juu ya ubaya nilioufanya, ambao sikuusoma kwenye kozi yoyote. Niliujua mwenyewe, bila mwalimu.

Nilikuja Ubelgiji nikiwa kiungo. Kwetu Tanga nilisifiwa hata na wapinzani, nami sikuwa mchoyo, nilijisifu pia. Wakala mmoja akaniambia klabu kubwa ya huku inanisubiri. Ilinisubiri kweli, dakika ishirini. Ilikuwa Februari, uwanja umeganda kama sakafu ya bucha, na mimi nimevaa njumu fupi za mpira, za kuchezea kwenye vumbi. Mara ya kwanza nilipogeuka, mpira ulibaki, mimi nikaendelea. Nilivuka mstari wa pembeni kwa makalio, nikasimama miguuni pa kocha wao. Akanitazama, akaandika kitu kifupi sana kwenye daftari lake.

Somo la kwanza hilo, na nalitoa bure: chunguza ardhi kabla ya kuchagua kiatu. Huku matope yana majira yake. Ya Oktoba yanateleza, ya Januari yanakata, na ya Machi yanakuvua kiatu kabisa ukabaki na soksi mbele ya watu.

Kurudi Tanga sikuthubutu, maana niliagwa kwa ngoma. Nikapata kazi katika kiwanda cha magari hapa Forest, kitongoji cha Brussels, hicho kilichofungwa juzijuzi. Nilikuwa nafunga milango. Aliyekuwa akifunga mlango wa upande wa pili wa gari lile lile alikuwa Kabeya, Mkongo wa Lubumbashi, mrefu, mpole, mwenye mabega kama kabati. Tulikutana kila baada ya dakika chache kupitia dirisha la gari, kwa hiyo urafiki wetu ulikuwa wa vipande vipande. Siku moja akaniuliza dirishani kama nacheza mpira. Gari lilipofuata nikamjibu ndiyo. Gari la tatu akasema:

"Alors, mardi unakuya na miye. Kuko équipe moya nyuma ya chemin de fer. Coach ni muzungu, lakini haiko muntu mubaya."

Hivyo ndivyo, Jumanne iliyofuata, nilivyofika katika klabu hii mnayopigia picha.

Uwanja ulikuwa ule ule, nyuma ya reli, una mteremko ule ule kuelekea goli la upande wa barabara. Kocha alikuwa mtu mfupi, mwekundu, nywele kama waya wa kusugulia sufuria. Alisema anaitwa Alasdair. Mimi nikasikia Ali Saidi. Nilifurahi mno, nikampa mikono yangu yote miwili, nikamwambia "Assalaam alaykum." Akainamisha kichwa kwa heshima, akidhani hilo ndilo jina langu. Kwa miezi miwili akawa ananiita Salamu, na mimi nikawa najiuliza mbona huyu Mwislamu mwenzangu kila Jumapili anakwenda kanisani. Kabeya alijua tangu mwanzo. Hakusema, alikuwa anafurahia.

Jina likabaki Mzee Ali. Alikuwa Mskoti, mchezaji wa zamani. Alivuka kuja kucheza Ubelgiji akiwa kijana, akamwoa Maman Godelieve, mwanamke wa huku huku, na miguu ilipokwisha akaifundisha klabu yetu kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu. Aliamini kwa dhati kwamba Waskoti ndio waliowafundisha wanadamu kupasiana, na kwamba kabla yao Waingereza walikuwa wakiufukuza mpira kama watu wanaomkimbiza kuku wa sikukuu. Sisi wawili tulizungumza Kifaransa. Chake kilikuwa kibovu na changu kilikuwa kibovu, ila ubovu wao ulitofautiana, kwa hiyo pale alipokwama yeye mimi nilipita.

Alinifundisha kazi bila kusema kwamba ananifundisha. Wakati wa mapumziko alisema jambo moja tu. Moja! Nilimuuliza kwa nini asitumie dakika zote kumi na tano. Akasema, "Bakari, mtu anayehema ana masikio mafupi." (Kufikia hapo alikuwa ameshalijua jina langu.) Kwenye baridi kali hakuruhusu mtu akae benchi bila kofia, kwa sababu, alisema, mchezaji wa akiba ni chakula, hakiliwi kikiwa kimepoa. Na kulikuwa na sheria yake moja ambayo hakuivunja hata siku moja. Mchezaji anayeachwa nje anaambiwa Alhamisi, uso kwa uso, na kocha mwenyewe. Orodha haibandikwi mlangoni mpaka aliyeachwa awe ameshasikia kwa masikio yake. Nilimwona akipanda tramu mbili katika mvua kwenda kumwambia kipa wetu, aliyekuwa na mafua nyumbani, kwamba Jumapili hatacheza. Kipa mwenyewe alikuwa hawezi hata kusimama. Mzee Ali akaenda tu.

Ninyi leo mnamwacha mchezaji kwa kuondoa jina lake kwenye kundi la simu, kisha mnashangaa kwa nini hajibu salamu. Maendeleo hayo. Nisiwacheke sana, maana mimi niliwatangulia, na wakati huo hata hizo simu hazikuwapo.

Miguu yangu nayo ilikwisha. Mzee Ali akanifanya msaidizi wake. Nilibeba mipira, nilichora mistari kwa chokaa, niliwasikiliza wachezaji wakilalamika juu yake, na taratibu nikaanza kukubaliana nao. Msaidizi akianza kukubaliana na kila anayelalamika, vijana, huyo ameshaanza kujipima koti la bosi.

Basi mwenyekiti wa klabu, muuza vigae mmoja aliyeitwa Monsieur Roland, akaniita tukutane Jumapili kwenye soko la kando ya stesheni ya Gare du Midi. Nilimkuta kati ya zeituni na mikoba ya bandia. Akaninunulia mkate wa mafuta wenye jibini na asali, moto, unachuruzika, akaanza.

"Alasdair amezeeka," akasema. "Wachezaji wanataka mambo ya kisasa. Kamati imeamua ni wewe. Unaanza Jumanne."

"Na yeye mmemwambia?"

"Tutamwandikia barua nzuri. Wewe usiseme kitu, utamuumiza bure."

Angalieni alivyokuwa mwema. Hataki mzee aumie! Na mimi, kwa wema huo huo, nikakubali kabla mkate haujapoa. Sikumtetea hata kwa neno moja. Nilijiambia maneno yote ambayo watu hujiambia: kwamba nisipokubali mimi atakubali mwingine, kwamba hata yeye ataona fahari, kwamba Mungu ndiye mpangaji. Mungu tunamtwika mizigo.

Barua ilitumwa. Posta haikuwa na haraka. Jumanne nilifika mapema, filimbi shingoni, nikapanga koni mpya za rangi ya chungwa katika umbo ambalo nilikuwa nimelibuni kitandani. Wachezaji walipouliza, niliwaambia Mzee amechoka, ameomba mwenyewe kupumzika. Uongo huo ulinitoka laini kama mafuta. Nilikuwa nakaribia kupuliza filimbi lango la uwanja lilipofunguka, na Mzee Ali akaingia na wavu wa mipira begani, kama Jumanne zote.

Alisimama. Akazitazama koni, akaitazama filimbi.

"Mazoezi ya nani haya?"

"Yangu," nikasema.

Ndilo neno pekee nililopata. Miaka kumi na mitano ya kazi pamoja, nikampa neno moja.

Akaushusha wavu wa mipira taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akanyoosha kidole. "Ile koni ya pembeni iko karibu mno na njia. Watajikwaa." Kisha akageuka, akaenda kusubiri tramu. Nilimwona kupitia uzio, amesimama kituoni mgongo kwetu, na tramu siku hiyo ikachelewa, ikachelewa, kana kwamba dereva naye alitaka nione vizuri.

Tukaanza mazoezi. Wa kwanza kujikwaa kwenye ile koni alikuwa Kabeya.

Sasa niwaeleze ukocha wangu wa kisasa. Nilinunua ubao mweupe na kalamu za rangi tatu. Mishale niliyoichora ilikuwa mingi hata kipa akaniuliza kama yeye ni mshale au duara. Kabeya, beki wa kati aliyezaliwa kuwa ukuta, nikamfanya mshambuliaji kwa sababu ni mrefu. Alikaa mbele ya goli la watu mechi baada ya mechi kama mgeni aliyekosea nyumba. Mapumziko ya mechi yangu ya kwanza nilihutubia dakika kumi na nne. Ya kumi na tano refa aligonga mlango, na vijana wakatoka bila kunywa maji. Tulifungwa matano. Mechi iliyofuata nikajirekebisha, nikahutubia kabla ya mchezo pia.

Tulipoteza saba mfululizo. Monsieur Roland akaacha kuninunulia mikate.

Lakini kilichoniuma hakikuwa kufungwa. Kabeya alikuwa bado ananisaidia kubeba magoli ya mazoezi, bado ananisalimu, ila hakunitania tena. Mkongo wa Lubumbashi aliyekutania kwa miaka, akianza kukwambia "bonjour, coach" kama anasalimia polisi, ujue umefiwa.

Majira ya baridi yalipokuwa yanaisha, Maman Godelieve akanipigia simu. Mzee Ali alikuwa ameteleza kwenye ngazi za nyumbani, amevunjika nyonga, amefanyiwa upasuaji kule Woluwe, kwenye hospitali ya chuo kikuu. "Hajakuita," akaniambia. "Mimi ndiye ninakuita. Njoo."

Nikanunua zabibu. Sijui nani aliwaambia watu kwamba mtu aliyevunjika nyonga anahitaji zabibu. Nilizunguka ghorofa ile kama mara tatu, nasoma namba za milango ninazozijua. Mwishowe nikaingia. Alikuwa ameinuliwa kwa mito, amepungua, nywele zile za waya zimelala. Akanitazama mimi, akazitazama zabibu, akapapasa godoro.

"Umekuja kuchukua na kitanda?"

Nikaketi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, mnanijua. Ilikuwa na mishale ya rangi tatu. Yote ikanipotea, nikasema, "Nilikuibia timu, Mzee. Nilijua Jumapili, na nilikuwa na siku mbili za kukwambia. Niliogopa uso wako."

Nesi akaingia, akapima anachopima, akatoka.

"Barua ilifika Ijumaa," akasema. "Ina makosa ya tahajia kwenye jina langu. Miaka yote ile. Godelieve aliisoma mara mbili kwa sauti, mimi nikamwomba aache." Akachuma zabibu moja. "Kwa nini Kabeya anacheza mbele?"

"Nani kakwambia?"

"Nimevunjika nyonga, sijavunjika masikio. Kwa nini anacheza mbele?"

"Kwa sababu ni mrefu."

"Hata mnara wa kanisa ni mrefu. Utaupanga Jumapili?"

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaona machozi yananitoka, mtu mzima, nimeshika mfuko wa zabibu. Akasubiri nimalize. Hakunibembeleza. Wala hakusema amenisamehe. Nilipomwomba akipona aje akae nami benchi, si kwa kunificha aibu bali kwa sababu timu inakufa na zilibaki mechi chache, alichuma zabibu nyingine kwanza.

"Nitakuja. Lakini vijana utawaambia wewe, mimi nikiwepo. Utawaambia ulivyofanya. Na ule ubao wako mpe mtu mwenye watoto wadogo."

Alikuja wiki ya mechi ya mwisho, kwa magongo, Maman Godelieve nyuma yake amebeba mto wa kukalia. Tulihitaji sare tu ili tusishuke daraja. Alhamisi hiyo, katika chumba cha kubadilishia nguo, nikasimama mbele yao. Jamani, nimepiga penalti mbele ya watu wanaonitupia chupa, na bado siku hiyo ningeichagua ile penalti.

"Nilisema Mzee ameomba kupumzika," nikawaambia. "Ni uongo. Walinipa nafasi yake kwa siri, nikaipokea kwa siri. Alijua alipozikuta koni zangu."

Mtu mmoja alikuwa anafunga kamba za kiatu, akaacha. Kabeya ndiye aliyesema, bila kuinua sauti.

"Coach, siye bote tulijua tangu le premier jour. Papa Ali hawezi kuomba kupumzika, hata akiwa na homa anakuyaka. Tulikuwa tunangoya tu wewe mwenyewe useme. Bon. Umesema." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikaiona ile pembe ya mdomo ikipanda. "Sasa unirudishe derrière, juu kule mbele minazeeka bure."

Nikamrudisha nyuma.

Jumapili tulicheza na timu ya pembezoni mwa mji, vijana wakubwa wenye mashavu mekundu, waliolelewa kwa viazi. Mapumziko tulikuwa nyuma kwa bao moja. Nikamgeukia Mzee Ali, aseme yeye. Akatikisa kichwa. "Kocha ni wewe. Sema moja."

Nikasema moja: beki wao wa kulia anachechemea, pasi fupi fupi zote zipite kwake. Nikanyamaza. Vijana wakanitazama wakidhani nimeugua. Wakanywa maji, wakatoka, na dakika ya kumi ya kipindi cha pili tukapasiana mara nane kwa upande huo, nane, nilizihesabu, na mpira ukaingia wavuni kama unaingia kwake. Mzee Ali akagonga gongo chini mara moja tu. Sijawahi kupewa medali, lakini ule mlio wa gongo nauhesabu.

Mnataka niwaambie tulibaki daraja letu? Nendeni sinema. Zikiwa zimebaki dakika tatu, kipa wetu alipiga mpira kuuondoa, ukamgonga Kabeya mgongoni, kwenye yale mabega ya kabati, ukarudi ukaingia golini kwetu. Mbili kwa moja. Filimbi. Tukashuka.

Kabeya alikuwa amelala kwenye matope kifudifudi. Nilikwenda nikakaa karibu naye. Tulikaa tu mpaka akasema njaa inamuuma.

Tulipoinuka nikamwona Monsieur Roland amevuka uwanja na viatu vyake vizuri, anakwenda moja kwa moja benchi. Mgongo alinipa mimi. Akamwinamia Mzee Ali, mkono begani kwake, akamnong'oneza. Nilikuwa mbali kama hatua thelathini, lakini mnong'ono ule nilishawahi kuupokea na mkate mkononi. Niliujua kwa umbo lake. Nikasimama pale pale. Nilijiambia ni haki, ni haki kabisa.

Mzee Ali alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua gongo moja juu, akapaza sauti uwanja mzima ukageuka, wachezaji wetu, wapinzani, refa aliyekuwa anakunja vibendera.

"Bakari! Njoo hapa. Huyu bwana anataka kunipa kazi yako. Njoo usikie mwenyewe."

Nikaenda. Ni safari ndefu kuliko zote nilizowahi kutembea uwanjani. Nilipofika, Monsieur Roland alikuwa na rangi ya vigae vyake.

"Rudia," Mzee Ali akamwambia. "Kama ulivyoniambia mimi."

Roland hakurudia. Akasema mambo ya kamati, ya kutafakari, ya kwamba hakuna kilichoamuliwa.

"Wewe unasemaje?" Mzee Ali akaniuliza.

"Ni yako, Mzee. Ilikuwa yako. Ichukue."

Akanitazama kwa macho yale madogo ya buluu yasiyokuwa na huruma hata kidogo. Halafu akamgeukia mwenyekiti.

"Siitaki. Timu yake hii imeshuka, aipandishe mwenyewe. Mimi nitakaa hapa kwenye mto wangu, nimsumbue."

Ilituchukua miaka miwili kupanda, naye alikaa pale pale, akinisumbua, kila Jumapili ya miaka hiyo miwili.